Februari Huamuliwa Julai

Ukitaka kuamini kwamba Turiani kuna fedha, shuka Madizini mwezi wa saba. Maturubai yametandikwa kila penye nafasi, mpunga unaanikwa mpaka kando ya barabara. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu alfajiri, pumba zinaruka, malori yanasubiri zamu, madalali wanapigiana simu huku wanatembea. Upande wa Mtibwa matrekta ya miwa yanapita yakidondosha vipande, na watoto wako nyuma yake. Jioni muziki unatoka pande tatu: Lusanga kuna mwali anatolewa, Manyinga kuna harusi, na jirani yako amenunua spika mpya anataka dunia nzima ijue.

Sasa rudi mtaa huohuo mwezi wa pili. Watu ni walewale, milima ya Nguru iko palepale na ukungu wake. Lakini mashine imenyamaza, spika imeuzwa au imewekwa rehani, na daftari la Mangi pale dukani limejaa majina mpaka kwenye jalada. Palizi inataka vibarua, mtoto anataka sare, na wewe unapita njia ya nyuma ili usionane na mtu unayemdai salamu tu, maana yeye anakudai zaidi ya salamu.

Nakuuliza, ndugu yangu: fedha ya mwezi wa saba ilikwenda wapi? Usikimbilie kunijibu kwamba ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo, sikatai. Lakini hata iliyo ndogo ilikwenda mahali, na kama hupajui mahali hapo, hata ikija kubwa itapita njia ileile. Wahenga walishamaliza maneno: mali bila daftari hupotea bila habari.

Shida yetu ina sura ya hapahapa kwetu. Fedha yetu huja kwa msimu, tumbo letu huja kila siku. Mwenye mshahara ana siku 30 za kujibana. Mkulima wa mpunga ana mwaka mzima. Mkulima wa Mgeta, kule Uluguru, angalau hupeleka mboga gulioni Nyandira wiki hadi wiki na kurudi na chochote. Sisi wa bondeni tunavuna kwa mkupuo, tunauza kwa mkupuo, tunatumia kwa mkupuo. Halafu kati ya msimu na msimu panabaki shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo mkopeshaji alimojenga.

Tutalifukia. Na kazi hiyo haianzi Februari, mwezi ambao mikono yako imefungwa. Inaanza Julai, gunia likiwa bado ndani.

Mlio wa pikipiki

Sikuhubirii kutoka ng'ambo ya mto. Nimevuka nikiwa nimelowa.

Mwaka mmoja, Februari, majani yakiwa yamenizidi shambani, nilichukua shilingi 100,000 kwa mtu ambaye ofisi yake ilikuwa begi la mgongoni. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia: 5,000 kila siku, kwa siku 26. Nikajiambia, 5,000 ni kitu gani kwa mwanamume?

Siku ya 9 mvua ilinyesha kutwa, kibarua hakuna. Siku ya 10 nikadaiwa ya jana, ya leo na faini. Siku ya 14 nikakopa kwa mwingine ili nimlipe wa kwanza, kisha nikakopa kwenye simu ili nimlipe wa pili. Kufikia masika nilikuwa nalima kwa ajili ya watu watatu ambao hawajawahi kushika mpini wa jembe langu. Mlio wa pikipiki ya mkusanya marejesho niliujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ningeutambua katikati ya bodaboda 20. Aprili, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unachanua, niliuza magunia manne ambayo hayajazaliwa.

Mikopo hiyo mnaijua kwa jina: kausha damu. Jina limekaa sawasawa, kwa sababu damu haitoki kwa kishindo, inakauka. Hebu tuikokotoe pamoja, maana hesabu ndiyo dawa ya kwanza.

5,000 mara 26 ni 130,000. Utasema riba ni asilimia 30. Ngoja. Ile 100,000 sikukaa nayo mwezi mzima. Nilianza kuirudisha kesho yake. Kufika katikati ya mwezi mkononi mwangu ilikuwa imebaki nusu, na siku za mwisho haikuwapo kabisa. Kwa wastani mwezi ule nilikaa na kama 50,000 tu ya watu, na kwa hiyo 50,000 nikatoa 30,000 za riba. Zaidi ya nusu, kwa mwezi mmoja! Wakati huohuo, kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka daraja la pili, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni shilingi 3,500.

Na gunia bichi, lile linalouzwa kabla ya kuvunwa, je? Tuseme Februari mtu amekupa 40,000, na Julai unampa gunia ambalo sokoni siku hiyo lina 70,000. Hakukukopesha 40,000. Amekununua wewe, jua lako na mgongo wako, kwa bei ya jumla.

Usijitukane, jipange

Hapa wengi hujilaumu: mimi mjinga, mimi sina akili ya fedha. Nyamaza kidogo usikie habari ya wakulima wenzetu wa miwa, wa Tamil Nadu huko India. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima 464 akili na umakini mara mbili: kabla ya kuvuna, wakiwa wamebanwa, na baada ya kuvuna, wakiwa na fedha. Mtu yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili yake haikwenda popote, ila ilikuwa imebeba mzigo: ada, deni, chakula cha kesho. Kichwa kilichojaa madeni hakina nafasi ya kufikiri vizuri.

Basi elewa kilichokupata. Februari ulipokubali masharti ya begi la mgongoni, hukuwa mjinga. Ulikuwa umebanwa. Lakini sasa kwa kuwa umejua, huna kisingizio: uamuzi wa Februari usiufanye Februari. Ufanye Julai, ukiwa umeshiba na kichwa kimetulia.

Wenzetu wa Busia, magharibi ya Kenya, walionyesha jambo hilohilo kwa mbolea. Watafiti waliwafuata wakulima mara tu baada ya kuvuna, fedha ikiwa mkononi, wakawauzia mapema mbolea ya msimu ujao, wakiahidi kuwafikishia bila gharama itakapohitajika. Waliotumia mbolea wakaongezeka sana. Sababu yake wala si muujiza. Ni kwamba fedha ilipewa kazi kabla haijapata marafiki.

Kaa chini na kipande cha mkaa

Siku mpunga ukishakauka na kuingizwa ndani, kabla hujauza hata gunia moja, kabla dalali hajanywa chai kwako, chukua kipande cha mkaa. Kaa mbele ya magunia yako na mwenzio. Anzeni kuyaandika.

Hili andikeni AGOSTI. Hili OKTOBA. Hili JANUARI, la sare na madaftari ya watoto. Haya mawili FEBRUARI, la palizi na la chakula. Hili MBEGU. Haya DENI. Yatakayobaki bila jina, hayo ndiyo ya kuuza leo na kutumia. Kama hayakubaki, basi mmejua mapema kwamba mwaka huu hakuna spika.

Utaniambia magunia hayatoshi miezi yote. Ndiyo, na afadhali uambiwe na gunia Julai kuliko kuambiwa na pikipiki Februari. Ukiona Machi haina gunia, una miezi minane ya kuitafutia: kuku wa kienyeji, tuta la mchicha kando ya mfereji, ndizi, kibarua cha kiangazi. Fanya kama Mgeta: tafuta kitu kimoja, hata kidogo, kinacholeta senti kila wiki.

Mpunga unastahimili kukaa kuliko mchele, basi hifadhi mpunga, ukoboe kwa kadiri ya mahitaji. Ukaushe vizuri, uupange juu ya chaga usiguse sakafu wala ukuta, na umwachie paka kazi yake. Bei ya wakati wa mavuno ndiyo ya chini kuliko zote, kwa sababu wote tunauza siku moja. Gunia lenye jina la mwezi linakusubirisha, na kusubiri nako kunalipa.

Fedha ya miwa haina gunia, kwa hiyo itengenezee. Siku ya malipo usipite popote. Lipa ada ya muhula ujao, nunua mbolea, weka fungu la Januari na Februari kwenye SACCOS au akaunti usiyoitembelea, kisha ndipo ule nyama. Na wewe mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa kiwandani, usijione uko nje ya hadithi hii. Februari yako huja kila tarehe 15. Andika mkaa wako siku ya mshahara.

Waite wanaokudai kwa majina

Unaogopa kuandika madeni yako kwa sababu unadhani yakiandikwa yatakuwa makubwa. Yako makubwa tayari. Tofauti ni kwamba yeye anayekudai ameyaandika na wewe hujaandika. Vita gani hiyo, adui ana ramani na wewe umefumba macho?

Chukua daftari la mkononi, ukurasa mmoja. Nani ananidai. Kimebaki kiasi gani. Kinaongezeka kwa kasi gani. Ameshika nini changu. Andika mpaka kile cha jirani, mpaka cha fundi cherehani, mpaka cha Mangi.

Kisha panga. Linaloongezeka kwa kasi kuliko yote ndilo la kwanza kuuawa; mengine yape kidogokidogo ili heshima isife. Mangi hakutozi riba, lakini usimkimbie. Nenda mwenyewe: "Mangi, shikamoo. Najua nina 38,000 hapa. Leo nina 8,000, kila Jumamosi nitaleta 5,000." Mtu anayejitokeza haaibishwi. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa humezwa kwa dozi.

Kuanzia leo, marufuku kukopa ili kulipa mkopo, isipokuwa unahama kutoka kwenye riba kali kwenda nafuu, na umeikokotoa mbele ya mtu mwenye akili timamu. Na mtu akija kubeba kitanda na sufuria zako kwa ubabe, usijifungie ndani ukilia. Nenda serikali ya kijiji, nenda polisi. Kudaiwa hakukufanyi kuwa mtu usiye na haki.

Deni la siri ndilo linalovunja nyumba

Hapa nawasemesha baba na mama pamoja.

Mama, umechukua mkopo wa kikundi mzee hajui. Baba, umeuza gunia bichi mama hajui. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu na mkopeshaji wake katikati. Nimeona wanawake wakiondoka nyumbani alfajiri kwa kuogopa siku ya marejesho, na waume wakihamia machimboni bila kuaga. Katika nyumba nyingi kati ya hizo deni halikuwa kubwa sana. Kilichokuwa kikubwa ni kimya.

Leo usiku watoto wakishalala, mmoja aanze: "Mama Fulani, nina jambo, na naomba usinikatize mpaka nimalize." Toa lote, usibakishe, maana deni lililofichwa nusu litazaa. Utakayesikia, tafadhali, zuia ulimi usiku huo. Hasira yako ni haki yako, lakini ipe likizo ya siku moja. Asubuhi mtakuwa wawili dhidi ya deni, na jana mlikuwa mmoja mmoja.

Tangu hapo wekeni saa moja kila Jumapili, daftari katikati. Nini kiliingia, nini kilitoka, nani kalipwa. Watoto wakubwa wakae wasikie. Mtoto anayejua kwamba Januari ina gunia lake hatakulilia viatu vya Agosti.

Bandu bandu huisha gogo

Kijana wa bodaboda, 1,000 ya mkeka wa kubeti kila siku unaiona kama mate. Kwa mwaka ni 365,000. Hiyo ni miezi mingapi ya hesabu ya tajiri wako? Mkeka ukichanika hulalamiki, lakini mama akikuomba 5,000 ya dawa unasema hali ngumu.

Mama wa nyumbani, sukari ya kupimiwa robo na mafuta ya kipimo ndivyo ghali kuliko vyote dukani. Aliye na kidogo hununua kwa bei kubwa. Ndivyo umaskini unavyotoza kodi yake. Shirikianeni wanawake watatu, nunueni dumu moja la mafuta na mfuko mmoja wa sukari, mgawane kwa mizani. Ule unafuu unaobaki ndiyo marejesho ya siku mbili.

Na sherehe. Hapa najua natia kidole kwenye jicho. Siwaambii mwali asitolewe. Mila zetu za Kinguu, Kizigua na Kiluguru ni utu wetu. Nasema mwali hahitaji ukumbi wa kukopa. Bibi zetu walicheza ngoma kwa mazao waliyovuna, hawakucheza kwa mazao ya mwakani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Andika mwanzoni mwa msimu: michango yangu yote mwaka huu ni kiasi hiki. Kikiisha, kadi ya mwaliko ijibu kwa mikono yako: nitakuja kuosha vyombo, nitakuja kuchota maji. Nani alishawahi kumfukuza mtu anayeosha vyombo?

Ukikopa, kopa ukiwa umesimama wima

Mkopo si dhambi. Mkopo wa kula ndio unaokula. Kopa kwa kitu kitakachojilipa chenyewe, na kopa mahali penye mlango.

Anza na kikundi chenu, VICOBA au SACCOS, ambako riba hurudi kwenu wenyewe mnapogawana. Nina ombi moja kwa vikundi vyote vya Turiani: mnavunja Desemba, fedha inaishia kwenye pilau ya Krismasi, halafu Januari mnakopa tena kwa begi la mgongoni. Kaeni kikao, badilisheni katiba, mvunje wiki ya kwanza ya Januari. Fedha ni ileile, lakini itakuta ada mlangoni badala ya kukuta pilau.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Sajilini kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ulizeni bila woga. Na wakulima mkumbuke kwamba MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima, ulizaliwa mkoani kwetu Morogoro mwaka 1993. Mkulima mmoja mmoja hupangiwa bei. Kikundi hukaa mezani.

Kwenye simu, kuwa na macho. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Mkopeshaji yeyote, wa simu au wa begi, muombe leseni kwanza. Akikasirika, umepata jibu lako. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Na kadi yako ya benki usimwachie mtu pamoja na namba ya siri, hata akiwa shemeji.

Ligi haimalizwi kwa mechi moja

Walio wakubwa wanakumbuka. Mwaka 1999, na tena mwaka 2000, timu ya hapa kwetu, Mtibwa Sugar, vijana wa Manungu, walichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mara mbili mfululizo. Simba na Yanga, pamoja na ukubwa wote wa Dar es Salaam, wakabaki kutazama shambani kwa miwa. Vijana wetu hawakuupata ubingwa kwa bao moja la ajabu. Ligi ni pointi tatu leo, pointi moja Jumamosi, kufungwa siku moja na kurudi uwanjani siku ya pili.

Deni ni ligi. Utafungwa mechi. Kuna wiki mtoto ataugua na lile fungu la Mangi litakwenda hospitali. Usitupe daftari! Andika: wiki hii tumefungwa. Jumamosi rudi uwanjani. Mimi madeni yangu matatu yalinichukua misimu miwili kuyamaliza, na katikati nilijikwaa mara sijui ngapi. La mwisho nililipa 12,000, kwenye kibaraza cha mtu ambaye nilikuwa nimemkwepa miezi saba. Alihesabu, akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Anza na ulichonacho leo. Kama ni Julai, chukua mkaa. Kama ni Februari na umebanwa, chukua daftari, andika majina yao, mwite mwenzio. Kama huna cha kuandika, nenda kwa Mangi, daftari dogo haliwezi kukushinda, na hilo nakuruhusu ukope.

Maana Februari itakuja tena, haijawahi kukosa. Mvua itapiga bati, majani yatapanda shambani, na asubuhi moja utasikia ule mlio wa pikipiki unapanda njia ya kwako. Utatoka mlangoni, bila kujificha. Atakusalimu kwa upole wa mtu anayeuza kitu: "Mzee, habari za siku? Mwaka huu huhitaji cha palizi?"

Nawe utageuka kutazama ndani, ambapo magunia mawili yameegemea kwenye chaga, yameandikwa kwa mkaa herufi zilizopinda za mwanao. Utamwambia, "Karibu chai. La Februari liko ndani."